Saanane tena, au safari hii Rubondo?

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba tuamue tutembelee wapi, kabla ya Jumapili.

Kila mwaka tunakwenda Saanane, kile kisiwa cha hifadhi hapa Mwanza, na mimi naipenda kwa moyo wote. Dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point mmeshafika, na jioni kila mtu yuko kwake. Mwaka jana watoto walinyamaza wenyewe walipomwona pimbi kajilaza juu ya jiwe la moto, tumbo chini, macho nusu. Hatukumkemea hata mmoja.

Lakini watoto wamekua, ndiyo maana baadhi yenu mmetaja Rubondo, kisiwa kingine cha hifadhi humu Ziwa Victoria. Saanane ni kama kilomita za mraba 2. Hifadhi ya Rubondo ni zaidi ya 450 pamoja na maji yake, kisiwa chenyewe sehemu kubwa ni msitu, na kuna sokwe. Hao si wenyeji: waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960, wakaachiwa, wakazaliana humo. Nzohe, swala wa kwenye majimaji, nao wapo.

Ugumu ni njia. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko, ila bado kuna mwendo hadi Nkome, kisha boti, na lazima tulale. Mama zetu wenye magoti mabovu tusiwasahau.

Maoni yangu: Desemba hii twende Saanane wote, Rubondo tuichangie polepole hadi Juni, tukalale siku 2. Siku 1 huko ni kuchoka bure.

Andikeni S au R. Wenye wachanga, nipigieni tuongee.