Barua kwa mwenzangu wa kamba

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wenzetu wote tunaopanda nao miamba. Kidole kinaendeleaje? Naanza na kidole kwa kuwa najua unaamka nacho na kulala nacho. Uliniandikia kwamba ule utepe mgumu unaobana kano la kidole cha pete lisiachane na mfupa umechanika kidogo, na kwamba daktari amekukataza kuning'inia kwa wiki kadhaa. Tafadhali msikilize. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo kwenye vidole vyenyewe, imo kwenye kigasha, na nguvu hufika huku chini kwa njia ya kano. Misuli hukua upesi, lakini kano na tepe zake hazipati damu nyingi, kwa hiyo hujijenga taratibu. Mwaka jana tulifurahi kwamba tumepata nguvu, tukasahau kuvisubiri vidole vitufikie. Mimi ndiye niliyekuwa nakuhimiza urudie ile njia mara ya tano huku mkono umeshachoka, na jambo hilo limenikaa moyoni.

Kuna jambo jingine lililonifanya nichukue kalamu. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Jumamosi iliyopita tulikuwa chini ya ule ukuta wenye mwinuko wa kuegemea mbele, watu sita, na mazungumzo yamenoga kama kawaida yetu. Wawili wetu walikuwa wanabishana kuhusu daraja la njia, yaani kipimo cha ugumu wake, mmoja anasema ni 6c, mwingine anaapa ni 7a, gumu zaidi. Mzee wetu akawakumbusha kwamba daraja ni maoni tu: aliyepanda kwanza hutaja lake, wanaofuata hulipandisha au hulishusha, na mwenye mikono mirefu hawezi kulisikia sawa na mwenye mikono mifupi. Hapo ndipo wakahamia kwa yule mpandaji wa Czech, Adam Ondra, na ile njia aliyoipanda kule Flatanger, Norwei, mwaka 2017, akawa wa kwanza kutaja daraja la 9c. Unajua mabishano hayo yanavyokwenda. Kila mtu ana la kusema, na mimi ndiye huwa na mengi kuliko wote.

Nami nilikuwa najifunga kamba huku nachangia. Nilishafunga fundo la kwanza lenye umbo la nane, nikapitisha ncha kwenye vitanzi viwili vya mkanda wangu wa kupandia, ikabaki kuirudisha ncha ifuate njia ileile mpaka fundo likamilike. Yule binti aliyejiunga nasi karibuni akaniuliza nyonga inageuzwaje pale kwenye kishikio cha upande. Nikaiachia kamba ili nimwoneshe kwa mikono yote miwili. Tukacheka, nikavaa viatu, nikapaka chaki, nikashusha jaketi. Jaketi likafunika fundo. Nikasema, "Napanda," nikaweka mikono kwenye mwamba.

Nilishainuka hatua tatu nilipomsikia binti akisema, kwa sauti ya upole lakini isiyotetereka, "Dada, shuka. Sijaliona fundo lako."

Nikashuka. Nikainua jaketi. Ncha ilikuwa imepita kwenye vitanzi na kuning'inia tu, haijarudi popote. Ile njia ina mita 18. Ningefika juu, ningekaa kwenye kamba nishushwe, nayo ingechomoka yote kimyakimya.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mzee alikaa kando yangu, akaanza kunisimulia habari za Lynn Hill, ambazo mimi mwenyewe nimewasimulia wageni mara nyingi. Mwaka 1989, kule Buoux, Ufaransa, alipokuwa tayari miongoni mwa wapandaji bora duniani, alianza fundo akakatizwa, hakulimaliza, na nguo ikalificha. Alipanda mpaka juu, akajiachia ili ashushwe, akaanguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalipunguza kishindo, akanusurika akiwa amevunjika mguuni na kiwiko kimeteguka. Miaka minne baadaye, mwaka 1993, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza, kwa wanaume na wanawake, kupanda njia ya The Nose ya El Capitan, ule ukuta mkubwa wa mwamba kule California, kwa mikono na miguu pekee, kamba ikiwa ya kumdaka tu akianguka. Mwaka uliofuata akairudia yote ndani ya saa 24. Siku zote nilipoisimulia habari hiyo nilikuwa naharakisha nifike 1993, palipo na ushindi. Jumamosi niliisikia yote kwa mara ya kwanza.

Wahenga waliposema mdomo uliponza kichwa, nadhani walikuwa na watu kama mimi mawazoni.

Usiku ule sikulala vizuri, nikawa nakukumbuka wewe. Miaka yote tuliyopanda pamoja, kabla hujaniambia "nimekushika" ulikuwa unanyoosha mkono na kulivuta fundo langu mara moja, kwa nguvu. Nami nilikuwa nakitazama kifaa chako cha breki, kile kinachoizuia kamba, nikitikisa kichwa kwamba sawa. Nilidhani sote wawili tunakaguana. Sasa naona kwamba ukaguzi ulikuwa wako. Mimi nilikuwa natazama tu, maana nilishajua nitakachokiona. Ulipoondoka, ukaguzi wetu wote uliondoka nawe, wala sikugundua. Nisamehe kwa mara zote nilizokushikia kamba hivyo.

Tumebadilisha mambo. Anayefunga fundo hasemeshwi, hata kama anatoa hadithi tamu kiasi gani, na akianza kuzungumza yeye, sisi hatumjibu. Kisha tunagusana kwa mikono, macho hayatoshi: kishikizo cha mkanda, fundo, kifaa, karabina (ile pete ya chuma) imefungwa skrubu yake, na upande wa pili wa kamba una fundo ili usipite kwenye kifaa mtu akishushwa. Binti ndiye mkali kuliko sote. Namshukuru Mungu kwa ukali wake.

Jambo lingine tunalolisema siku hizi kabla mguu haujaondoka chini ni hili: ukifika juu, unashushwa au unajishusha mwenyewe? Zamani tulikuwa tunapigiana kelele tukiwa tumeshafika huko, upepo unakula nusu ya maneno. Aliye chini anasikia neno moja, anadhani mwenzake amejifunga juu, anaitoa kamba kwenye kifaa. Aliye juu anaegemea nyuma akingoja kushushwa. Watu wamekufa kwa kutoelewana huko, na wengi wao hawakuwa wageni wa mchezo huu. Kwa hiyo sasa tunaita jina kwanza, ndipo neno: kaza, legeza, nishushe. Pakiwa na makundi mawili ukutani, bila jina huwezi kujua nani anaitwa.

Ngoja nikupe na habari ya furaha. Unaukumbuka ule mwamba mfupi tunaoupanda bila kamba, magodoro yakiwa yametandikwa chini, ambao wewe na mimi tulitegua viungo vyote na hatukuumaliza? Binti ameumaliza! Na ameumaliza kwa sababu tulinyamaza. Kawaida yetu, mtu akikwama tunamrushia beta, yaani maelekezo ya namna ya kupanda, kutoka pande zote, mkono huku, goti kule. Safari hii yeye mwenyewe aliomba tusimwambie kitu. Akakaa kwenye godoro, akautazama mwamba kwa muda mrefu, akavipiga mswaki vishikio mpaka chaki ya zamani ikatoka, akajaribu, akaanguka, akakaa tena. Mara ya saba akanyanyua kisigino cha kushoto juu ya ule ukingo tuliokuwa tunaushika kwa mkono, akavuta kwa mguu, akafika. Kisigino! Sisi tulikuwa tunalia na vidole tu, kumbe mwamba ulikuwa unataka mguu. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nimeujaribu kwa namna yake na bado unanishinda, lakini safari hii najua kwa nini.

Wewe utaupenda huo mwendo, maana kidole chako cha pete hakina kazi kubwa pale. Ila si mwezi huu, na wala si mwezi ujao.

Lakini njoo utuone. Hata usiposhika mwamba, kaa chini nasi, ulivute fundo langu kama zamani. Na nakuahidi kwamba utakapoanza tena, sitakuhesabia wala kukuhimiza. Ukisema leo imetosha, tutakunja kamba hata kama jua liko utosini.

Kuhusu kamba yenyewe, hili usilisahau: nimeikagua sentimita kwa sentimita, nikakuta sehemu laini karibu na ncha moja, pale panapopata shida kila tunapoanguka. Nimekata mita nne upande huo. Kwa hiyo ile kamba yetu ya mita 60 sasa ni ya mita 56, na ile alama nyeusi ya katikati si ya katikati tena. Nimeandika 56 kwenye ncha zote mbili, nikabandika utepe mwekundu mahali palipo katikati kweli, nikawaeleza wote. Zile njia mbili ndefu za upande wa mashariki tusizipande kwa kamba hii, kwa sababu haitafika chini.

Mkanda wako ninao, nimeuhifadhi pakavu. Niandikie daktari akishasema neno.

Wako wa daima,
mwenzako wa kamba