Risala ya wanafunzi kwa mgeni rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na walezi wetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Leo tumeomba tuzungumzie malezi, kwa adabu lakini bila kuficha.

Mheshimiwa, mtoto akianza kutoroka vipindi au kupigana, hupelekwa kwa mshauri peke yake, kama redio mbovu inavyopelekwa kwa fundi. Anaulizwa, anaahidi, kisha anarudi nyumba ile ile. Lakini mshauri wa familia huwaita wote wa nyumba hiyo, kwa kuwa kinachomsumbua mtoto mara nyingi kinaanzia kwa jinsi watu wa nyumba ile wanavyoishi na kusemezana.

Viboko na matusi vinajulikana. Kifungu cha 19 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, kinavikataa hata vikitoka kwa mzazi. Yapo pia mateso yasiyoacha alama mwilini. Baba na mama wasiposemeshana, mtoto ndiye hutumwa: “Kamwambie baba yako.” Jibu lolote atakalorudisha litamuudhi mmoja wao, na lawama ni zake. Wengine wamekuwa wazazi wa wazazi wao: usiku wanambembeleza mama anayelia, wanalaza wadogo zao, asubuhi wanasubiriwa kwenye mtihani. Tena husifiwa kwamba wamekomaa mapema! Sisi tunaona wamechoka.

Katika ushauri, mshauri huweza kuchora ukoo wa vizazi vitatu, mzazi akaona ukali wake ulikotoka. Hahukumiwi. Hufundishwa kumwambia mwenzake neno lake mwenyewe bila kumtuma mtoto, kukubaliana naye juu ya kosa na adhabu isiyoumiza, na kumsikiliza mtoto hadi amalize. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, wazazi wetu mtusamehe.

Ila palipo na kipigo, mtoto asiketishwe mbele ya anayempiga na kuambiwa aseme ukweli. Alindwe kwanza, mazungumzo yatafuata.

Mheshimiwa, tuna maombi. Utusaidie tupate mshauri aliyesomea kazi hiyo, na chumba ambacho sauti haitoki nje. Vikao viwekwe jioni au mwisho wa wiki, maana mzazi aliye kazini hawezi kuja saa nne asubuhi. Na barua ya wito itaje baba na mama wote wawili, au mlezi aliyepo, ili mzigo usibaki kwa mmoja.

Tunaomba kuwasilisha.