Buti za bandani zibaki nyumbani

Mhariri,

Wanafunzi wetu wa sayansi ya wanyama wanaokwenda Ulaya kwa muhula mmoja wa kubadilishana huhangaikia viza na makoti, kumbe kinachokwamisha ni mkataba wa masomo, yaani karatasi inayoorodhesha kozi atakazosoma kule na zitakazohesabiwa nyumbani. Husainiwa na watatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Mwaka wa masomo kule una krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 60. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni 120. Kwa hiyo somo la krediti 6 kule ni kama 12 hapa. Anayenakili namba kama zilivyo hurudi akidaiwa nusu ya muhula. Kozi ikifutwa akiwa ameshafika, mkataba urekebishwe na kusainiwa upya na wote watatu kabla ya mitihani.

Kuna suala la buti. Homa ya nguruwe ya Afrika na ugonjwa wa miguu na midomo vipo kwetu, hivyo buti za bandani zisisafiri. Wala nyama kavu aliyofungashiwa na mama. Abiria haruhusiwi kuingiza nyama wala maziwa katika Umoja wa Ulaya kutoka huku. Mabanda mengi ya nguruwe humtaka mgeni aoge, avae nguo za shamba, na awe amekaa siku moja au mbili bila kugusa nguruwe wengine.

Darasani, ng'ombe wa mfano ni Friziani wa lita 30 kwa siku. Mwanafunzi achukue njia ya kukokotoa chakula, majedwali ya vipimo vya kule ayaache. Zebu, ng'ombe wetu wa asili, wa lita mbili akimiminiwa nafaka kwa kipimo kile, tumbo hujaa asidi na anaacha kula.

Mfundishaji wa mifugo,
Morogoro