Bakapu (nakala ya akiba ya data) unayo, sawa, lakini umewahi kuirudisha?

Wiki hii nimepigiwa simu tena na mteja amefura kwelikweli, seva yake (kompyuta kuu ya ofisi) ilikufa, anataka arudishiwe hela yake, eti tulimuuzia bakapu hewa. Nikamsikiliza mpaka akamaliza (mtu wa hivyo ukimkatiza ndo unaharibu kabisa) halafu nikafungua mkataba wake. Kuna kipengele alikikata kwa mkono wake mwenyewe, kile cha zoezi la kurejesha data kila miezi 3, akasema hicho mmekiweka mle hela tu. Bakapu zilikuwepo zote mpaka ya usiku wa jana yake. Ila zimefungwa kwa pasiwadi, pasiwadi iko kwenye faili la Excel, na faili liko ndani ya seva ileile iliyokufa. Siku 2 watu wanaandika risiti kwa mkono, mpaka mhasibu akakumbuka aliwahi kuiandika nyuma ya daftari lake.

Jamani, kukopi data sio kazi, skripti inafanya yenyewe usiku umelala. Kazi ni kurudisha. Kwenye zoezi tunachukua mashine tupu, tunajifanya seva imeungua, tunawasha saa na kuanza, halafu mhasibu ndo anakaa afungue ankara za jana aone hesabu zinasomana, sio mtu wa IT, maana mtu wa IT akiona faili limefunguka tu anasema tayari twende. Hiyo inakula siku nzima ya mafundi 2 na bado kuna ripoti ya kuandika, sasa ukiniambia bei kali sijui unalinganisha na nini.

Njia ya mkato wanayoipenda wengi ni diski ya nje, imechomekwa kwenye seva mwaka mzima. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela kikiingia kinafunga kila diski kinayoiona, na hiyo inaonekana vizuri tu. Wengine wana folda inayojisinki (kujikopi yenyewe) kwenye klaudi, yaani seva za mbali kwenye intaneti, wanaiita bakapu, faili likiharibika huku linaharibika na kule, labda uwahi matoleo ya zamani kabla hayajafutwa. Inavyotakiwa ni nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo, ukiweza iwe imechomolewa kabisa. Kuna ofisi nilikuta diski ya bakapu imelazwa juu ya seva, bomba la AC likavuja usiku, vyote vikalowa pamoja.

Na msidhani ni wadogo tu. Machi 2021 kituo cha data cha OVH, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, kuna wateja bakapu zao zilikuwa hapohapo, zikaenda na moto. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliiangusha Maersk, wale wa meli, wakasimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Seva zao zinazotambua watumiaji zilikuwa zinakopiana zenyewe kwa zenyewe, zikafutika zote, ikapona moja tu iliyokuwa Ghana kwa sababu umeme ulikatika huko. Umeme kukatika ndo kulikowaokoa! Huo sio mpango, hiyo ni bahati.

Halafu hii mipango ya dharura ya kudaunilodi, nimeshashika mmoja wa kurasa 60, ukurasa wa 14 una jina la kampuni nyingine. Mimi nataka karatasi moja tu, nani anapigiwa kwanza, nani ana ruhusa ya kuzima mtandao bila kusubiri bosi, na namba za simu ziwe zimeprintiwa.

Yule mteja nimemsamehe ada ya kuja usiku, ya kurejesha data hapana, atalipa. Zoezi lake la kwanza ni Jumamosi na nimemwambia mhasibu aje na lile daftari, pasiwadi tunaihamishia kwenye bahasha mbili, moja inakaa kwenye sefu ya ofisi, nyingine anaenda nayo bosi nyumbani.