Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: tuambie mlikowapeleka watoto wa Majengo

Mheshimiwa,

Salaam. Jina lako na ofisi yako sivitaji, ila ukifika kwenye habari ya sufuria utajua barua hii ni yako.

Usiku wa kuamkia Jumatano gari lilisimama mbele ya kibaraza tunachogawia uji, karibu na soko la Majengo. Watu wenye sare wakawapakia watoto 11 waliokuwa wamelala juu ya maboksi. Mablanketi wakayachukua. Sufuria yetu kubwa nayo wakaipakia, uji uliobaki wakaumwaga palepale. Asubuhi niliukuta umegandamana na vumbi, kuku wanaudonoa.

Kati yao yumo mmoja wa miaka kama tisa mwenye kidonda mguuni. Kila jioni namsafisha kwa maji ya chumvi, namfunga kipande cha khanga safi. Ananiita bibi.

Sufuria ile ilinunuliwa kwa mchango wa mama lishe na wauza mboga, kabla Dodoma haijatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Tulianza wanawake wanne. Alfajiri moja ya mwezi wa saba, na baridi ya Dodoma ya mwezi huo unaijua, mwenzetu alimkuta mzee na mjukuu wake wamelala chini ya meza yake ya nyanya. Akawapikia uji wa uwele. Kesho yake walikuja watano. Nani angewafukuza? Tukaanza kuchanga kila jioni baada ya mauzo. Baadaye tukajiandikisha, kwa sababu tuliambiwa bila cheti hatuwezi kusaidia mtu.

Tumewarudisha watoto kwao Bahi, Kongwa na Chamwino kwa nauli zetu. Baadhi walirudi mjini. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ikikatika Februari, uwele unakaukia shambani na ghala linabaki tupu. Wengine nadhani wanatokana na kodi za nyumba. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia hapa, vyumba tulivyovimudu vimepanda bei, na bibi anayelea wajukuu hana tena pa kuwalaza.

Haya yote nilikueleza ulipotutembelea. Ulikaa kwenye kigoda changu, ukanywa uji, ukatuahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha tutapata chumba chenye mlango. Tulipiga makofi. Wiki ileile nilinunua kufuli. Mpaka leo liko kabatini ndani ya karatasi yake, na mwaka wa pili unakwisha.

Sasa naambiwa mji ulikuwa unasafishwa, na kwamba uzururaji ni kosa. Mtoto wa miaka tisa mwenye kidonda amezurura kwenda wapi, Mheshimiwa? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wake. Mimi ni muuza mchicha na sheria hiyo naijua. Wewe ndiyo kazi yako.

Nimekuja ofisini mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa nirudi kesho. Mara ya pili anayehusika yuko kikaoni. Mara ya tatu mlinzi hakunifungulia geti, alisema, "Bibi, nenda kapumzike." Nipumzike vipi?

Chumba tutaendelea kusubiri. Sufuria tutachanga nyingine. Mablanketi bakini nayo. Nakuomba neno moja tu: wako wapi? Kama wako kwenye nyumba ya kulelea watoto, nielekeze, nitakuja hata kwa miguu. Kama mliwashusha njiani, sema ni njia ya Singida au ya Iringa, tutawafuata wenyewe.

Kile kitambaa kilitakiwa kubadilishwa Jumatano jioni. Leo ni Jumatatu.

Bibi wa uji,
Majengo, Dodoma