Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Mchezo wa Mnyororo wa Bendi, Dar es Salaam

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wazee wetu waasisi, na wanachama wenzangu mliofika. Nasema "mliofika" kwa makusudi, na suala hilo nitalirudia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumekutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi, isipokuwa Mwezi Mtukufu na ile Jumamosi ambayo ukumbi ulikuwa na harusi. Tumezika mmoja, tumeoza mmoja, tumepokea wapya 4. Tumenunua saa ya kuhesabia sekunde. Ubao mweupe umepatikana kwa juhudi zangu, na aliyeutoa hakutaka atajwe.

Kwa hao wapya, na kwa wakongwe wanaojisahaulisha, utaratibu ni huu. Wa kwanza anataja bendi au mwanamuziki. Anayefuata ana sekunde 40 za kutaja jina jingine na kueleza kinachoyaunganisha. Kiungo cha karibu, kama mji mmoja au wimbo uliopigwa na wote wawili, ni pointi 1. Kiungo cha jina au namba ni pointi 3. Kiungo kinachotoka nje ya muziki kikarudi ni pointi 5, na kutoka ni mara moja tu, maana ukiruhusu mara mbili hakuna kitakachoshindwa kuungana. Waamuzi ni 3, kura 2 zinatosha. Jina likishatajwa halirudiwi. Atakayekwama sekunde zikaisha, mchezo umeishia kwake.

Mwaka huu viungo vimekuwa vizuri, lazima niseme. Super Mazembe ya Nairobi imeunganishwa na bendi ya Franco kupitia timu ya mpira ya Lubumbashi: TP Mazembe na TP OK Jazz, na "TP" zote mbili ni Tout Puissant. Pointi 5 bila ubishi. Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe kwenda Orchestra Virunga ya Samba Mapangala, kwa kuwa Virunga ni milima ya volkano: pointi 3. Morogoro Jazz kwenda Afro 70 ya Patrick Balisidya, kwa sababu Morogoro Jazz walikwenda Japani kupiga kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka: namba kwa namba, pointi 3, ingawa mchezaji alidai 5 mpaka tukamzimia kipaza sauti.

Mnyororo uliokwenda mbali kuliko yote ulianza na Siti binti Saad. Ukapita Zanzibar kwa Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ukaenda Queen, na kutoka Queen ukarudi nyumbani kwa Khadija Kopa, Malkia wa Mipasho. Hapo ukaingia TOT, bendi ya Kapteni John Komba, na Kapteni akatupeleka Marekani kwa Captain Beefheart. Aliyefuata alikwama. Nani asingekwama?

Matatizo hayakukosekana. La kwanza ni bendi zilizobadili majina. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika nayo ilibadilika: Juwata, OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Kuna waliotaka kuzitaja kama bendi 4. Ni bendi moja, inatajwa mara moja. Kina Wanyika ni kesi nyingine: Les Wanyika walitoka Simba Wanyika mwaka 1978 wakajitegemea, kwa hiyo ni bendi mbili. La pili ni mtego wa almasi. Mtu anataja Tancut Almasi ya Iringa, mwenzake anajibu Diamond Platnumz, wa tatu anarukia Neil Diamond, na hapo kila mmoja anajiona mjanja. Tumekubaliana kwamba neno moja litumike mara moja tu katika mnyororo. La tatu, viungo vya msiba havikubaliwi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba na Mbaraka walitoka Morogoro wote, na wote walikufa kwa ajali za gari, mmoja mwaka 1965 na mwingine 1979. Tuwaunganishe kwa Morogoro, inatosha.

Sasa nije kwenye suala ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu leo: uamuzi wa kuondoa kiungo cha kuhama, yaani kuunganisha bendi mbili kwa mwanamuziki aliyetoka moja akaenda nyingine.

Yamesemwa mengi, mengine pembeni ya ukumbi na mengine mbele ya watoto wangu. Nataka ieleweke kwamba sikuamua peke yangu. Kamati ina wajumbe 5, kikao kilihudhuriwa na 3, na 2 waliunga mkono, nikiwemo mimi. Hiyo ni kamati, na huo ni wingi.

Sababu yenyewe ni hii. Wanamuziki wa dansi walihama mno. Chukueni Muhidin Gurumo peke yake: NUTA, kisha Mlimani Park mwaka 1978, kisha Safari Sound mwaka 1985, kisha akarejea Msondo. Hassan Bitchuka naye kapita humo humo. Remmy Ongala alitua Makassy kabla ya Super Matimila. Ndugu Kinyonga walipiga Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kuvuka mpaka. Ukiruhusu kiungo cha "fulani alitoka hapa akaenda pale", bendi za Dar karibu zote zinafikiana kwa hatua moja au mbili, na mzee mwenye kumbukumbu nzuri hakwami hata asubuhi. Hakuna anayefikiri; watu wanasoma orodha ya usajili kama wa Simba na Yanga. Na ukumbi tunakodi mpaka saa 1 jioni. Mlinzi ametuzimia taa tukiwa katikati ya mchezo, zaidi ya mara moja.

Baada ya uamuzi, mchezo unaisha ndani ya saa moja na vijana wanafika mzunguko wa mwisho. Wazee wanasema tumefuta historia ya dansi. Hatujafuta. Kiungo cha kuhama kipo katika mzunguko wa kwanza kwa pointi 1. Kuanzia wa pili ndipo hakipo. Tena kuna wachezaji walioanza kukiingiza kwa mlango wa nyuma: huyu anasema Juwata, wa pili anasema Gurumo, wa tatu anasema Mlimani Park, na kila mmoja anaapa kwamba hajahamisha mtu. Ndiyo maana ikaongezwa kanuni kwamba mwanamuziki hawezi kuwa kituo kati ya bendi mbili alizopigia. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na mpaka leo hakuna aliyeipita.

Barua ya malalamiko yenye saini 9 nimeipokea. Nimeisoma yote, pamoja na aya inayohusu umri wangu.

Mahudhurio yanasikitisha. Tuko 41 kwenye daftari, lakini siku ya kawaida tukifika 15 tunashukuru. Mwezi wa Novemba tulikuwa 6, wakiwemo waamuzi 3, yaani tulichezesha watu watatu.

Ada ni shilingi 3,000 kwa mwezi, bei isiyozidi soda chache. Waliomaliza mwaka ni 12. Waliobaki wametoa vipande vipande au hawajatoa kabisa. Jumla tumekusanya shilingi 640,000 na kutumia 910,000 kwa ukumbi, saa, karatasi, maji na rambirambi. Salio la mwaka jana la 120,000 limekwisha. Pengo la 150,000 nimeliziba kwa mfuko wangu. Sidai, ila nimemwomba Mweka Hazina aliandike.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kwenda Morogoro kucheza na wenzetu wa huko, kuwavuta akina mama zaidi, na pengine kupata mfadhili. Mazungumzo yanaendelea.

Hoja ya kurudisha kiungo cha kuhama iko namba 6 kwenye ajenda, na nitaiendesha kwa haki. Nawakumbusha tu kwamba kwa katiba yetu anayepiga kura ni mwanachama asiyedaiwa. Mweka Hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na kati ya wale 9 waliosaini barua, 7 bado hajawaona.