Mbebe mtoto, upele huo hauambukizi

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Salma amenieleza kwamba mlipotoka kutembea kwenye vilima huko California uligusa mwaloni-sumu, ule mmea wa porini unaowasha (kwa Kiingereza poison oak), mikono ikajaa malengelenge, na tangu hapo humbebi mtoto kwa kuogopa kumwambukiza. Hilo la mtoto ndilo limeninyima raha.

Zuhura, upele huo hauambukizi. Kinachodhuru ni mafuta ya mmea, yaitwayo urushioli, na maji yanayotoka kwenye malengelenge hayana mafuta hayo kabisa. Hata ukiona upele unatokea mahali papya baada ya siku kadhaa, usidhani unatambaa, kwani palipopata mafuta mengi au penye ngozi nyembamba hutangulia, na kwingine hufuata.

Cha kuogopa ni mafuta yaliyobaki kwenye vitu, maana yanaweza kukaa na makali yake hata miaka. Vaa glavu, ufue nguo za siku ile peke yake, ufute viatu pamoja na kamba zake, na mbwa naye aogeshwe kwa sabuni, kwa sababu yeye huenda asidhurike lakini manyoya yake yakayaleta mafuta mpaka kwenye kochi analolalia mtoto. Ukimaliza hayo na kunawa vizuri, mbebe mwanao bila wasiwasi.

Kuhusu mwasho, loweka kitambaa safi katika maji baridi, ukikamue, ukiweke juu ya upele kwa dakika 15 hadi 30, kisha upake losheni ya kalamini au krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, ambazo ni dawa za kutuliza mwasho. Kuoga maji ya uvuguvugu yaliyotiwa unga laini wa oti pia hutuliza. Malengelenge usiyatumbue, na krimu za kutia ganzi ziache, kwa kuwa zinaweza kuzidisha upele. Kwa kawaida hupona wenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu.

Shemeji naye, ambaye namjua kwa haraka zake, asiuchome mmea huo hata kidogo, kwani moshi wake huumiza mapafu.

Je, uvimbe umefika usoni au karibu na macho? Kuna usaha au homa? Ikiwa ndivyo, nenda kwa daktari leo, usisubiri. Ukipewa vidonge vya prednisoni, dawa ya kupunguza uvimbe, uvimeze mpaka mwisho wa siku ulizoandikiwa, maana ukiviacha mapema upele huweza kurudi kwa nguvu. Usingizi unaupata? Nani anakusaidia kufua? Nijibu hata kwa mistari miwili.

Wako akupendaye,
Mwanaidi